Kitenge cha Mama Ukumbini

Mkoa wetu ulipokuwa mpya na Babati ndiyo makao yake makuu, mji wote ulikuwa na haraka, na mimi nilikuwa na haraka kuliko Babati. Maofisa walihamia kila wiki, magodoro juu ya magari, wakigombea vyumba vya kupanga mtaa wa Bagara, na wakishapata vyumba walitaka mahali pa kucheza muziki. Mfanyabiashara mmoja aliyetoka Moshi akakodi ghala la mahindi, akapaka kuta rangi nyekundu, akaning'iniza taa za kuzunguka, akaunda bendi. Siku za mvua ukumbi ule bado ulinuka pumba.

Nilikuwa na miaka ishirini. Jumapili asubuhi niliimba kwaya kanisani, ambako mama yangu aliongoza sauti ya kwanza. Alasiri niliimba dansi kule ghalani, baada ya kumwambia mama kwamba nakwenda kwa rafiki kusukwa. Miezi minne nilisukwa kila Jumapili na kichwa kilikuwa kilekile. Nilimwona mama mzito wa kuelewa, na hilo linanitia aibu hadi leo.

Kisha bendi ikapata kazi Arusha. Kiongozi wetu, mpiga gitaa la solo asiyependa maneno mengi, aliniambia, "Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi gari linatoka. Usipokuja tutatafuta mwingine." Nilitaka kuondoka mpaka nyayo zilikuwa zinaniwasha. Nilichoka kupalilia shamba letu la Nangara, nilichoka kuimba nimesimama wima mikono nyuma, nilichoka kujulikana na kila niliyekutana naye njiani. Mama sikumwambia. Nilipanga kutoroka, na endapo angenikamata nilikuwa na ugomvi mzima nimeukariri.

Jumapili hiyo ya mwisho nilipanda jukwaani na kigauni cha bendi, mabega nje. Tulikuwa katikati ya wimbo wa pili nilipomwona mama mlangoni, na nguo zake za kanisani, mkoba kwapani. Nikaendelea kuimba, maana sikujua la kufanya.

Sasa, kwenye dansi mtu akikatiza katikati ya wachezaji kumwendea mwimbaji, kila mtu anajua anakwenda kumtunza. Atambandika noti kwenye paji la uso, au atamvisha nguo. Basi watu wakampisha. Mpiga solo akarudia kiitikio, kama ilivyo desturi mtunzaji akiwa njiani. Mpiga tumba, ambaye hakumjua kabisa, akavuta kipaza sauti. "Shikamoo mama."

Mama yangu hajawahi kuacha shikamoo ya mtu bila kuiitikia. Akasimama pale katikati, taa nyekundu zikimpita usoni, akasema, "Marahaba." Ukumbi mzima, maofisa kwa makarani, ukamwamkia. Akaitika tena, akaendelea kuja.

Alipofika mbele yangu niliona uso wa mtu aliyekuja kuchukua mwanawe. "Shuka," akasema kwa sauti ya chini. Sikushuka. Akaniangalia mabega. Akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akanifunika, akakaza fundo kifuani kama anavyofungwa mtoto anayetoka kuogeshwa. Vigelegele vikalipuka. Watu waliona mama anamtunza mwanawe. Mimi nilijua ananisitiri. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi la mlangoni, akasubiri nyimbo zote ziishe. Mwishoni kiongozi akawaaga watu, akatangaza kwamba kesho bendi inahamia Arusha. Mama hakuinua macho.

Tulitembea hadi nyumbani Nangara yeye mbele, mimi nyuma. Hasira zangu zote zilikuwa tayari, nilisubiri aanze tu. Hakuanza. Tulipofika akawasha moto, akabandika maji ya ugali. Nikakaa, nikainuka, nikatoka nje, nikarudi. Nilitamani anitukane.

"Ule wimbo wa pili mnauanza juu mno," akasema bila kugeuka. "Utaharibu koo. Mwambie yule wa gitaa ashushe."

Nikasogeza kuni motoni.

"Na gari lenu linaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

Akakoroga maji, akaongeza unga kidogo, akakoroga tena. "Basi ule, ulale mapema. Nitakuamsha."

Ule ugomvi wangu wote niliokariri ukakosa wa kugombana naye. Nikakaa chini pale jikoni, kitenge chake bado kimefungwa kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu nipate akili nikaogopa kuondoka.