Mtungi Niliouosha Ukang'aa

Wiki iliyopita mtoto wa jirani yetu wa zamani, sasa mtu mzima mwenye kitambi chake, aliniletea kopo la achari kutoka Kisesa. Nilipofungua kifuniko, mate yalinijaa nusura niogelee. Maana ladha ile, rafiki yangu, niliwahi kuiua kwa mikono yangu hii miwili nikiwa na miaka tisa.

Sisi tulikuwa watu wa achari. Hapa Mwanza, ukiuliza "wale wa ndimu, nyuma ya majabali," hata mbuzi alikuonyesha njia. Bibi alisema biashara ilianza karne ya kumi na tisa, reli haijaotwa hata ndotoni. Babu yake alitoka pwani na msafara, akitia ndimu chumvi zisiozee njiani. Alipofika ziwani akakuta watu wanakula samaki bila kitu cha kuchangamsha ulimi, akasema safari imeishia hapa. Mtungi aliubeba kichwani njia nzima. Kila hadithi iliposimuliwa mtungi uliongezeka. Mara ya mwisho kuisikia, ungeweza kufuga ng'ombe ndani yake.

Kazi yenyewe ilikuwa ya jua na subira. Ndimu zilipasuliwa zisiachane, zikashindiliwa chumvi, zikaanikwa juu ya majabali ambayo saa saba mchana yangekaanga yai pamoja na kuku wake. Sisi watoto tuliwafukuza pimbi, na wadudu wa ziwani walipopanda kama moshi tulikimbia na kanga kuzifunika. Zikishanyauka, ziliingia mtungini na pilipili. Na hapo ndipo ilipokuwa siri: chini ya mtungi yalibaki daima maji meusi, mazito, ya misimu iliyopita. Tuliyaita mama. Mama ndiye aliyezigeuza ndimu kuwa achari, na tangu enzi za huyo babu mtungi ulikuwa haujawahi kumwagwa ukabaki mtupu. Ya kuuza ilichujwa ikawa kavu, mama asitoke nje ya nyumba. "Mkono wa mtu baki ni kifo cha achari," bibi alisema hivyo mara nyingi kuliko salamu.

Basi, siku mbili kabla ya Idi, nyumba nzima inasuguliwa. Bibi kaenda sokoni. Achari ya msimu uliopita imeisha yote, na magunia mawili ya ndimu yako tayari kuingia mtungini. Mimi natafuta sifa. Nikauona mtungi: mweusi, una ukoko, harufu yake inapiga chafya yenyewe. Kwa akili ya miaka tisa nilidhani mama anakaa ndani ya udongo, na yale maji ni uchafu wake tu. Nikayamwaga mtaroni, nikausugua mtungi kwa jivu, mchanga wa ziwani na sabuni ya mche hadi ukang'aa kama kipara cha mwalimu wetu.

Bibi aliporudi, aliutazama, akaketi chini na kapu lake.

"Mke mwenzangu," akaniita, kama alivyozoea kunitania, "mama yuko wapi?"

"Nimemwogesha, bibi."

"Na maji yake?"

Nikaonyesha mtaro. Bata wawili walikuwa wakiyaonja na kutikisa vichwa.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Shangazi alishika kiuno. "Haya, tumekwisha. Kuanzia leo tunauza ndimu za chumvi kama watu wengine." Bibi akaupapasa ule mtungi kama mtu anayempima mgonjwa homa.

Ndipo akaingia jirani, mama wa Kisukuma, kuazima kinu. "Shikamoo mama. Mbona kama kuna msiba?"

"Marahaba, mwanangu. Upo."

Aliposimuliwa, akanitazama. Mimi nikatazama vidole vya miguu yangu. Kila Ijumaa bibi alinituma nimpelekee bakuli la achari, iliyochujwa kama ya wateja. Lakini jirani alikuwa na michembe, vile viazi vikavu, akivichemsha na karanga. Nami kwa kila kipande nilichopewa, Ijumaa iliyofuata nilichota kijiko cha mama kwa siri nikakitia bakulini.

Jirani akatoka. Akarudi na chungu kidogo kilichofunikwa sahani, akapiga magoti.

"Mama, nipige ukitaka. Mimi mwizi. Mwaka wa tatu huu naweka zangu chini ya kitanda. Mume wangu anadhani ni dawa ya miguu."

Bibi alichovya kidole, akalamba, akafumba macho. Nyumba nzima tukamsogelea.

"Pilipili umezidisha."

"Ndiyo, mama."

"Lakini ndiye." Kisha akacheka mpaka ushungi ukadondoka. "Na maji haya ulipata wapi?"

Jirani akatazama dari. "Yalikuwa yanakuja yenyewe, mama."

Bibi akanigeukia. "Michembe ilikuwa mitamu?"

Nikakaa chini nikalia kwa nafuu, kama ndiyo nazaliwa. Jioni ile chungu cha wizi kilimiminwa mtungini, jirani akarudi kwake na kijiko kimoja cha mama, na ule usemi wa mtu baki sikuusikia tena.

Miaka mingi baadaye, nikisoma masomo ya jioni na watoto wangu watatu wakinisubiri nyumbani, mwalimu alitufundisha habari za bakteria. Nikanyoosha mkono, nikasema niliwahi kuangamiza ukoo wao mzima. Darasa lilicheka, mimi hata sikutania.

Leo bibi hayupo. Mtungi ulipasuka tulipohama, mama akamwagika mara ya pili, mchangani, na safari hiyo hakukuwa na chungu chini ya kitanda cha jirani, maana alishahamia Kisesa. Majabali yamejengwa nyumba hadi kileleni. Pimbi nao wamehama bila kuaga. Wajukuu wa watu wa achari tunanunua ya chupa dukani. Miaka yote hiyo nilidhani kazi niliyoianza mtaroni na wale bata ilitimia.

Kumbe mama yuko Kisesa, mzima, pilipili bado imezidi. Nimetenga nusu ya maji yake kwenye mtungi mpya. Jana ilikuwa Ijumaa, nikampelekea jirani yangu wa sasa bakuli la achari.

Sikuichuja.