Kasuku wa Mama wa Kulesa

Jumatatu, katika duka la dawa za mifugo hapa Garsen, mama mmoja wa kijiji cha Kulesa aliweka tundu la ndege juu ya kaunta, akaondoa leso iliyolifunika. Ndani alikuwamo kasuku mdogo wa kijani, kifua mbele.

"Mama, ndiye yule uliyemleta amenyonyoka manyoya, tukamkatia tamaa?" muuzaji aliuliza.

"Ndiye. Sikujua kufuga kasuku. Nilimlisha ugali mtupu, nikamweka jikoni kwenye moshi. Ukaniambia mtama, mchicha, maji safi na kuongea naye. Sasa naongea naye hata nikipepeta mpunga."

Mfugaji aliyengoja dawa ya ng'ombe alicheka. "Si ungefuga mbuzi, mama? Huyu hana maziwa."

Mama hakukasirika. Aliingiza kidole tunduni. Kasuku akakipanda polepole, akainamisha kichwa akunwe shingo.

"Mbuzi wako hukufanyia hivi?"

Mfugaji alisogea, akanyoosha kidole chake kinene. Kasuku alikitazama, kisha akamgeuzia mgongo.

Nimewaona wazazi siku ya matokeo ya mitihani. Hakuna aliyetembea kwa maringo kama mama yule alipotoka dukani.