Jino la Mpiga Tarumbeta

Priska, jirani yetu hapa Uru, alinikuta bombani akaweka ndoo chini kabisa.

"Mama Goodness, umesikia? Shemeji yako wamemvunja taya huko gerezani. Kaonekana mahakamani, uso umevimba kama papai."

Nilirudi nyumbani nikamenya ndizi, nikapika mtori laini wa mtu asiyeweza kutafuna, nikatia karafuu nyingi, kwa sababu bibi yangu alitupatia karafuu tulipoumwa meno, nikaona hata taya zitalituliza. Kesho yake nikambeba mtoto, nikashuka Moshi hadi gerezani.

Ndelilio ni kaka wa mume wangu. Ana ng'ombe na kahawa kidogo kwenye kihamba, shamba la urithi la baba yao, lakini watu wanamjua kwa tarumbeta. Alfajiri ya Pasaka, wapigaji wakizunguka kuamsha Wakristo, ya kwake tunaitambua tukiwa bado kitandani. Mazishini yeye ndiye anaanza, wengine wanamfuata. Sasa ni mahabusu. Kahawa ilipotea kwenye ghala alilokuwa akilinda, na kila akipelekwa mahakamani wanasema upelelezi haujakamilika, anarudishwa.

Getini askari wa kike alinusa mtori wangu, akanipa kijiko. Aliyeleta chakula lazima aonje.

"Mtori gani una karafuu? Au ulianza pilau ukaghairi?"

"Ndugu yangu anaumwa taya, afande."

Alinitazama. "Basi onja tena." Nikaonja mpaka ulimi ukafa ganzi. Akaupitisha.

Ndelilio alipotokea nikajua hakupigwa, ni jino. Uvimbe ulianzia chini ya pua, mdomo wa juu umeinuka, unang'aa.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba, mama. Usinichekeshe tu, panauma."

"Hawakupi dawa?"

"Wananipa vidonge. Vinatuliza kidogo, halafu vinaniacha. Tunalala tumebanana, mmoja akigeuka wote tunageuka. Sasa mimi nageuka nimeshika uso kama bibi harusi."

Alitaka kucheka, akaacha. Akanywa mtori kwa pembe ya mdomo, polepole, machozi yakimlengalenga.

"Na daktari wa meno?"

"Anakuja hapa, ila anakuja na koleo. Kuziba ni mpaka hospitali. Hospitali ni mpaka kibali, gari, askari wa kunisindikiza. Nikiuliza naambiwa bado. Mara iliyopita nilimkatalia asiling'oe." Akaonyesha jino la mbele, la juu, bila kuligusa. "Tarumbeta inaegemea hapa. Likitoka hili, upepo unapotea wote."

"Sasa utafanyaje?"

"Anarudi kesho. Ganzi ipo, kaniahidi. Anasema usaha ukizidi kupanda, hatutakuwa tunazungumzia jino tena."

Mtoto alilia, nikamnyonyesha. Ndelilio akageuza uso kwa heshima, akabaki anatazama ukuta. Askari akasema muda umekwisha.

"Mama Goodness," akasema bado amegeukia ukutani, "ukimwona Eliufoo, mwalimu wetu wa tarumbeta, muulize kama kuna nafasi ya kupiga lile besi kubwa, la sauti nzito. Lile halidai meno sana. Muulize kama vile ni kwa ajili ya mtu mwingine. Usimwambie ni mimi."