Nondo Hanyanyui Bodi Mpaka Ardhi Ikubali

Saa mbili na robo asubuhi. Tipa limesimama kwenye kiwanja cha ujenzi likinguruma, limesheheni mchanga uliolowa mvua ya jana, na dereva wake hayumo ndani. Yuko nyuma ya gari, ameinama, anachoma ardhi kwa kipande cha nondo chenye urefu wa mkono.

Anachoma karibu na tairi la kulia. Nondo inaingia kidole kimoja, inagoma. Anachoma karibu na tairi la kushoto. Inagoma. Anarudi nyuma hatua mbili, pale ambapo uzito wote utaegemea bodi ya mzigo ikipanda, anachoma tena. Kisha anainua uso kutafuta nyaya za umeme, ingawa kiwanja hiki anakijua wiki ya tatu sasa na hakina nguzo hata moja.

“Nyaya hazioti usiku mmoja, shemeji,” anataniwa na mdogo wa mkewe, mwanamume wa makamo mwenye koleo begani na filimbi shingoni.

“Uyoga je?” anajibu dereva, bila kucheka.

Ndipo anapopanda, anafunga mlango, anafunga mkanda. Shemeji anakwenda kusimama mbali, upande ambao kioo kinamwona. Filimbi ikilia mara moja, nyanyua. Mara mbili, simama. Ikilia mfululizo hakuna maswali, shusha.

Bodi inapanda polepole. Mchanga unaanza kuporomoka, lakini kwenye kona ya kushoto fungu zima limeng’ang’ania chuma. Filimbi inalia mara mbili, kisha mfululizo. Bodi inashuka yote, tupu upande mmoja na nzito upande wa pili. Shemeji anapanda na koleo, anakwangua kona, na kazi inaanza upya.

Madereva wengi wana njia fupi kuliko hii. Bodi ikiwa juu, huliondoa gari kwa kasi kisha hukanyaga breki ghafla, mchanga ukabanduka kwa mshtuko. Dakika moja, kazi imekwisha. Yeye humchukua robo saa. Ndiyo maana kwenye foleni ya machimbo hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na mama yake. Wanamwita Nondo.

“Waniite watakavyo,” anasema huku akipangusa kipande chake cha chuma kwa kitambaa. “Hii ndiyo bima yangu kwa sasa. Nyingine iko njiani.”

Nondo ana miaka hamsini na mmoja. Ishirini na mitatu kati ya hiyo ameitumia kuendesha matipa ya watu. Mwaka jana, kwa mara ya kwanza, aliketi nyuma ya usukani wa gari lake. Si lake peke yake. Nusu ni ya dada yake mkubwa, mshonaji ambaye kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiweka akiba ili ajenge chumba cha kushonea kando ya nyumba yake. Chumba hakikujengwa, tipa likanunuliwa. Cherehani yake bado iko sebuleni, kati ya kabati na mlango, na mteja akija kupimwa, wageni wengine hutoka nje.

Hajawahi kumdai mdogo wake neno. Anachofanya ni kupiga simu. Kila siku, mchana, huuliza swali lile lile.

“Limesimama wima?”

“Liko wima, dada.”

“Haya.” Na simu hukatwa.

Kwa Nondo, kila kitu hupimwa kwa safari, kwa maana ya mzigo mmoja kutoka machimbo hadi kwa mteja. Tairi jipya ni safari kumi na moja. Bima kubwa ya mwaka ni safari arobaini na moja. Kiangazi hupiga safari nne kwa siku. Masika ni mbili, tatu akibahatika. Mafuta na ujira wa shemeji vikitoka, kinachobaki, anasema, “kinatosha kukuamsha kesho yake, hakitoshi kukulaza.”

Aliponunua gari, wengi walimshauri akate bima ndogo, ile ya kulipa wengine tu ukiwagonga. Akakataa. Gari la kwanza haliachwi uchi, aliwaambia. Akalipa safari arobaini na moja, akaweka karatasi kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, akalala usingizi wa mtu aliyemaliza wajibu wake.

Alilala hivyo kwa miezi saba.

Mwezi wa nane tipa la mwenzake lilianguka. Dereva huyo, mcheshi mwembamba aliyejulikana kwa jina la Kibiriti, alikuwa akimwaga kifusi kwenye ardhi iliyojazwa udongo majuzi. Bodi ilikuwa juu, tairi za upande mmoja zikadidimia, gari likalala ubavu. Kibiriti hakuruka. Mkanda ulimshika kitini, akatoka na mguu uliovunjika. Walio jirani na gari walikuwa wameshakimbia.

Kampuni ya bima haikumlipa. Gari lilipoanguka, walimwambia, halikuwa safarini, lilikuwa linamwaga. Mkataba wake ulikuwa wa kubeba mzigo barabarani. Leo Kibiriti anaendesha gari la mtu, akichechemea kidogo kila anaposhuka.

Jioni aliposikia habari hiyo, Nondo alichukua mfuko wake wa plastiki akaenda kwa dada. Mshonaji alisoma karatasi zile kama anavyopima kitambaa, kidole kikitembea chini ya kila mstari. Ukurasa wa saba kidole kikasimama. Akasoma mara ya pili. Akavua miwani.

“Mdogo wangu,” alisema, “hapa pameandikwa bodi ikiwa chini, gari lina bima. Bodi ikiwa juu, lina Mungu.”

Kesho yake walikwenda wote wawili kwa wakala wa bima. Wakala alitoa fomu ambayo Nondo mwenyewe aliijaza. Pale palipoulizwa gari litafanya kazi gani, alikuwa ameandika maneno mawili kwa mwandiko mzuri: kubeba mchanga.

“Mzee, tuliuliza unabeba nini,” wakala alisema kwa upole. “Hukusema unaushushaje.”

“Mwanangu,” dada mtu aliingilia, “ulidhani ataushusha kwa kijiko?”

Wakala alicheka, lakini karatasi haikucheka. Ilikuwepo nyongeza ya kulinda gari linapomwaga, kwa bei ya safari sita tu. Ila katikati ya mwaka haiongezwi. Ni hadi mkataba mpya, tena kwa masharti. Mwaka uishe bila tukio lolote, pampu ya kunyanyulia bodi ikaguliwe, na mbele ya dereva iwekwe taa ya kumkumbusha kwamba bodi bado iko juu.

Taa ameweka. Pampu imekaguliwa. Kilichobaki ni siku, na leo asubuhi, alipoanza kazi, zilikuwa kumi na tisa. Tangu aliposomewa ukurasa wa saba, kila bodi inapopanda, nusu ya dada yake hupanda nayo.

Safari ya tatu ya siku ni ya kiwanja kingine, jengo la ghorofa lililoanza juzi. Msimamizi, kijana mwenye kofia ya njano, anaonyesha kwa kidole mahali anapotaka mchanga, ukingoni kabisa mwa mtaro wa msingi.

Nondo anashuka na chuma chake. Anachoma. Kinazama shibiri nzima bila kusukumwa, na akikichomoa kinatoka na tope.

“Mzee, hapa tunajenga, hatuchimbi visima,” anasema msimamizi.

“Nitakumwagia pale langoni, bwana. Pale ni pagumu.”

“Halafu nani auhamishe? Toroli mia mbili hizo. Unazilipa wewe?”

“Nitakuachia shemeji yangu akusaidie mpaka jioni. Bure.”

“Shemeji yako namheshimu,” kijana anasema, akimtazama yule bwana wa koleo kuanzia kiatuni, “lakini yeye si trekta.”

“Na mimi sijajitangaza hivyo,” shemeji ananong’ona.

Msimamizi anatoa simu mfukoni. Kiwanja hiki, anakumbusha, kinahitaji safari kumi na tano zaidi kabla ya mwisho wa mwezi. Akimwaga hapa, zote zake. Asipomwaga, yuko mwenzake ambaye hana muda wa kudunga ardhi sindano.

Nondo anautazama mtaro. Anautazama mchanga, ambao ameshaununua machimboni kwa fedha yake. Mkono wake unacheza na nondo, unaigeuza na kuigeuza. Kisha simu yake nayo inalia, na haina haja ya kutazamwa ni nani.

“Limesimama wima?”

“Liko wima, dada,” anajibu. Anafunga simu, anampa msimamizi mkono wa kwaheri. “Mwite mwenzangu.”

Mwenzake, aliyekuwa mtaa wa pili na mzigo wake, anafika kabla Nondo hajamaliza kugeuza gari. Anarudi kinyumenyume hadi ukingoni, ananyanyua bodi, mchanga unagoma, naye anafanya kama kawaida yao. Gari linaruka mbele, breki, mtikisiko. Bodi inayumba juu ya mtaro. Shemeji anafumba macho.

Halianguki.

Mchanga wote umeshuka, mahali palepale ulipotakiwa. Msimamizi anapiga makofi matatu ya taratibu huku akitazama upande wa Nondo. Safari kumi na tano zimekwenda hivyo, mbele ya macho yake, kwa dakika nne.

Njiani, kwenye mwinuko wa tatu, Nondo anapunguza gia. “Ukianguka, watu wanakuja kukutazama,” anasema. “Usipoanguka, haji mtu. Utathibitisha vipi kitu ambacho hakikutokea?”

“Mke wako atathibitisha,” shemeji anasema. “Atakuona mlangoni.”

Mzigo uliokataliwa hauna mnunuzi saa hizi. Tipa linakata kona ya mtaa wa mshonaji na kusimama kando ya nyumba yake, kwenye kile kipande cha ardhi kilichosubiri chumba miaka kumi na miwili, na huu mmoja juu yake. Dada anatoka na tepu ya kupimia shingoni.

Nondo anashuka. Anachoma kulia, anachoma kushoto.

“Hata kwangu?” dada anauliza.

“Hata kwako.”

Nondo inagoma. Anatazama juu, anapanda, anafunga mkanda. Filimbi inalia. Mchanga unashuka mpaka punje ya mwisho, bila kugomea kona, na bodi inalala mahali pake. Ile taa ndogo nyekundu mbele ya dereva inazimika.

Mkataba mpya ukija, dada ameapa kuusoma ukurasa kwa ukurasa palepale mezani, hata wakala akisinzia. Matofali ya chumba chake atayanunua kidogo kidogo. Nondo ana mpango mmoja tu wa siku hiyo ya mkataba, kulala kuanzia asubuhi hadi asubuhi. Kisha ataamka na kubeba nondo yake kama kawaida. “Bima italipa gari,” anasema. “Mtu aliyesimama nyuma ya gari haimrudishi. Itamlipia nini?”

Dada analizunguka fungu la mchanga, akilipima kwa macho. Leo hakuna haja ya simu, tipa liko mbele yake, kivuli chake kimefika hadi miguuni mwake. Hata hivyo anauliza.

“Limesimama wima?”

Nondo anageuka, analitazama kuanzia tairi hadi paa kabla ya kujibu.

“Liko wima, dada. Zimebaki kumi na nane.”