Aliyesimama Pembeni

Harufu chachu ya kakao inaingia dirishani mwa kliniki, nami nipo tena kwenye kijia cha nyumbani, nyuma ya mama. Zamani kwetu mwanamke hakumkaribia baba mkwe wake. Akimwona, alijificha migombani. Siku hiyo babu, mzaa baba, alikuwa amesimama pembeni mwa kijia, mama akamkumba, beseni la kakao likamwagika.

"Sikumwona, jamani!" mama alilia.

Wazee wakaniuliza mimi. "Babu alikuwa anaonekana wazi kabisa," nikasema.

Tangu hapo mama hakutoka uani.

"Presha ya macho imeshaua uoni wako wa pembeni," daktari ananiambia. "Haiumi, na kilichoenda hakirudi. Matone yatalinda kilichobaki. Kwenu kuna aliyewahi kuugua hivi?"

"Mama," nasema. "Sisi tulisema hana adabu."