Mgeni Aliyepima Madirisha

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikipigiwa simu na namba nisiyoijua, nanyamaza kwanza nisikilize mtu anavyopumua. Nadhani ndiyo maana kanisani kwetu Waswahili huku ughaibuni, Temple Hills, nilipewa kazi ya kukaa mlangoni.

Jengo si letu, tunaliazima Jumapili mchana. Ni la mawe, la mtindo wa Kiromaneski: kuta nene kama mkono wangu ulivyo mrefu, matao ya duara, madirisha ambayo hata paka angepita kwa kujibana. Siku zote nililiona kama gereza.

Jumapili moja akaingia mzee wa Kizungu, peke yake. Haimbi, hafungui Biblia, anatazama dari tu. Wakati wa maombi watu walifumba macho; mimi sikufumba. Nikamwona anatoa futi ya kupimia, anapima dirisha, kisha anapiga picha mlango. Machale yakanicheza. Siku hizo hatukuwa na habari nyingine ila watu wa uhamiaji na kamatakamata yao, na kwenye kwaya tulikuwa na dada wa Bukavu asiye na makaratasi.

Dada huyo naye alikuwa amemwona mzee, akanijia mlangoni. "Mama, ule muzungu ni nani? Niko naogopa."

"Simjui, anapima milango. Pitia mlango mdogo wa mnarani, dada, nenda nyumbani."

Akavua joho la kwaya, akalitundika msumarini, akaondoka.

Kisha nikamnong'oneza msoma matangazo awaruke wageni. Kwetu mgeni lazima asimame, ataje jina na alikotoka, apigiwe makofi, apewe chai. Siku hiyo hakusimamishwa mtu.

Ibada ilipokwisha nikamzibia njia yule mzee. "Unatafuta nini hapa?" nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha hasira.

Akafungua daftari la michoro. Babu yake, fundi mwashi, ndiye aliyelijenga kanisa hili, akiiga lile la zama za kati la kijijini kwao Ufaransa. Kule, alisema, wavamizi walipokuja kijiji kizima kiliingia kanisani na mbuzi wao na magunia ya nafaka. Madirisha yalifanywa membamba ili mishale itoke na adui asiingie, na juu ya mnara alikaa mlinzi. Akaingiza mkono kwenye tundu la ukutani nyuma ya mlango, tundu nililolitupia karatasi za peremende miaka yote.

"Gogo la kukomea mlango lilikaa humu," akasema. Kisha, kwa haya kidogo: "Nilikuwa nangoja mniite nisimame. Nimejifunza kusema 'Bwana asifiwe'."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikampigia yule dada pale pale kwenye ngazi, hakupokea. Siku ya tatu namba ikawa haipatikani. Mwenzake aliyekuwa akikaa naye mji wa Laurel aliniambia ameondoka na begi moja, hakusema anakwenda wapi.

Joho lake bado liko msumarini. Kanisa lilijengwa ili watu wakimbilie ndani, na mimi mlinda mlango ndiye niliyemtoa nje.