Mtani wa Waridi Katika Darasa la Kizungu

Waridi binti Shomari alikuwa na kicheko cha kuamsha mtaa. Akikianza barazani kwao, Mtaa wa Sikukuu, huku anageuza vitumbua vya kuuza asubuhi, mpaka watu wa Mtaa wa Kongo wanajua kumekucha. Mimi Hyasinta nilipanga chumba cha uani katika nyumba ya shangazi yake. Kila alfajiri nilimkasirikia, na kila nilipopewa kitumbua cha moto nilimsamehe.

Mwaka ule, hamsini na tano nadhani, tulijiandikisha pamoja katika darasa la Kizungu la watu wazima, alasiri, karibu na Mnazi Mmoja. Mwalimu wetu, Bwana Anaeli, alikuwa Mchaga mwenye soksi ndefu na subira fupi. Siku moja akatuletea maneno ya kueleza kitu kinakaa muda gani. Akaandika ubaoni "brief", cha kupita upesi. "Temporary", cha muda tu. "Lasting", chenye kudumu. Na "permanent", cha siku zote, hakiondoki. Wengine tuliyanakili tukayasahau. Waridi aliyavaa kama khanga mpya.

Kuanzia hapo Kariakoo haikubaki na kitu kisichopimwa. Mvua ya vuli ilikuwa brief. Paa la makuti la shangazi lilikuwa temporary, nalo likavuja usiku uleule kukubali. Hasira za shangazi mwenyewe, lasting. Kodi ya kichwa, permanent, na wateja wote wakaguna. Mume wake wa kwanza, dereva wa lori aliyekaa naye mfungo mmoja na Idi yake, Waridi alimtafutia neno akasema Wazungu hawajalitunga fupi kiasi hicho. Alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini mimi ndiye niliyemsikia siku zile akiililia ndoa ile, na nilijua kicheko hicho kilianzia wapi.

Sasa Mrisho. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, fundi wa vitanda pale Msimbazi, na Waridi ni Mzaramo. Hao ni watani tangu mababu. Mtani anaweza kukunyang'anya kofia, kukutukana mbele ya wakwe, hata kukuzuilia jeneza mpaka umlipe, na ukikasirika wewe ndiye mjinga. Basi kila asubuhi Mrisho alisimama mbele ya kikaango.

"Mke wangu, umeamkaje? Chai yangu iko wapi?"

"Mume gani wewe, mla mihogo mikavu! Wewe ni brief, bwana, pita!"

Baraza zima linacheka, Mrisho anacheka, anakwenda zake na vitumbua. Mwaka mzima hivyo. Kosa la yule bwana ni kwamba alimpenda kweli, na akawa anamwambia kila siku kwa ile lugha moja tu ambayo mwanamke hawezi kuiamini.

Alipomtuma mshenga, Mzee Kitwana, na kanzu yake ya Ijumaa, mambo yaliharibika kabisa. Shangazi alisikiliza mpaka aliposikia jina la Mrisho. Akapiga kigelegele, akachota unga wa mchele, akamwagia mzee wa watu kichwani. "Mwambie mtani wetu posa imefika!" Mzee Kitwana akarudi Msimbazi mweupe kama maiti aliyefufuka, njia nzima watoto nyuma yake. Nami nilicheka, nisiseme uongo.

Kumbe shangazi alikwishaanza kusikiliza posa nyingine, ya mwenye samaki wa kukaanga kule Feri, na alitaka kumaliza kabla ya mfungo. Mrisho alinikuta bombani na habari hizo.

"Dada Hyasinta, nifanyeje? Nikiapa wanacheka. Nikilia watasema Mnyamwezi huyu hodari wa utani, hata machozi anayo!"

Nilimwonea huruma sana. Nilijitwisha ndoo yangu nikaenda.

Wiki iliyofuata aliingia darasani. Alikuwa na kibao kipya cha kuandikia, nywele zina mafuta, vumbi la mbao bado masikioni. Waridi nusura aanguke kutoka kwenye benchi. Jumatatu moja Bwana Anaeli akasema turudie yale maneno, kila mtu na sentensi yake. Mmoja akasema bahari ni permanent. Mwingine akasema mshahara wake ni brief, tukapiga meza. Ikafika zamu ya Mrisho. Akasimama, jasho linamtiririka, ametoa macho.

"Mrisho," akasema kwa Kizungu, akameza mate, "is permanent. For Waridi."

Darasa lililipuka. Mtu mmoja akarusha kofia. Bwana Anaeli akagonga ubao kwa rula, wapi! Waridi alikuwa amejiinamia mezani, mabega yanatikisika.

"Jamani, mtani wangu! Sasa umeleta utani mpaka Uzunguni?"

Mrisho hakucheka. Ndiyo mara ya kwanza kuuona uso wake umetulia, na nikagundua ni uso mzuri.

"Kizungu changu ni kidogo mno, Waridi," alisema. "Hakitoshi kutania."

Kelele zikafa zenyewe. Waridi aliinua kichwa. Huyu, aliyekuwa na jibu kwa kila mpita njia wa Kariakoo, alifungua mdomo kutafuta la kumrudishia, akafunga, akafungua tena. Moyo wangu ulikuwa unadunda kama ninaposwa mimi.

"Basi Mzee Kitwana aje tena Ijumaa," akasema mwishowe. "Na shangazi nitamshika mikono mwenyewe."

Kisha akafunika uso kwa khanga, akalia. Nimeishi mjini hapa miaka mingi. Sijamwona Mzaramo mwingine akilia mbele ya Mnyamwezi, na Mnyamwezi asidai kitu.